Baba hajaambiwa anaumwa nini, nasi tunagombania tiba yake

Barua hii imetoka Tanga. Nimebadilisha mambo machache ili aliyeandika asitambulike, na yeye ameridhia ichapwe.

*Bi Mshauri, shikamoo.*

*Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nyumba yetu haina pembe ya mtu kukaa akalia.*

*Baba yangu ana miaka 64. Alikuwa akipakia na kupakua mizigo bandarini mpaka alipostaafu, na sigara amevuta tangu ujana wake, ameacha mwaka jana tu. Alipoanza kukohoa, zahanati ya kwanza tuliyokwenda ilisema ni kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Amemaliza dozi amepungua kilo tisa na anatema damu. Ndipo tukapata rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, na kutoka Bombo tukapelekwa Dar es Salaam. Wakampiga CT scan, wakachukua kinyama kupima. Ni saratani ya pafu la kulia.*

*Siku ya majibu tulimwomba baba akae nje kwenye benchi, tukaingia mimi na kaka. Daktari akatueleza kwamba uvimbe umejishikiza kwenye mshipa mkubwa wa damu na umeshaingia kwenye tezi za katikati ya kifua, kwa hiyo upasuaji hauwezekani. Kwenye ubongo na ini hawakuona kitu. Akasema ni hatua ya tatu, na kwamba kuna njia mbili. Moja ni kumpa dawa za dripu pamoja na mionzi kwa wakati mmoja, wiki sita, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Nyingine ni dawa kwanza mpaka ziishe, ndipo mionzi ifuate. Ile ya kwanza ina nguvu zaidi, akasema, lakini inamchosha mgonjwa zaidi, na figo za baba haziko sawasawa, hivyo watachagua dawa kwa uangalifu. Akatuambia tukazungumze, turudi baada ya wiki tatu.*

*Kurudi nyumbani tu, moto ukawaka. Kaka yangu mkubwa anaishi Mbagala, Dar es Salaam. Yeye anasema huko ni kumnywesha mzee aliyekonda sumu mbili kwa mpigo, bora aanze moja amalize nyingine. La sivyo tuuze shamba la michungwa la Muheza tumpeleke India, maana huko mionzi ni mikali zaidi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, yuko Pangani. Anasema kansa ikipigwa mionzi huamka ikatawanyika, na kwamba ugonjwa usiopasuliwa madaktari wameshaukatia tamaa, wanajaribia tu, kwa hiyo tumpe miti shamba na dua. Mimi moyo wangu uko kwenye ile njia ya pamoja. Lakini naogopa. Akifia katikati ya tiba, nitakuwa ni mimi niliyemuua.*

*Na baba mwenyewe hajui lolote. Shangazi ametuwekea amri: neno saratani litamuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Mama yetu alifariki mwaka 2012 kwa saratani ya shingo ya kizazi, baada ya mionzi. Tulimpeleka akiwa amechelewa sana. Baba ndiye aliyemuuguza, kumwogesha na kila kitu. Siku ya arobaini alisema mbele yetu sote: "Mimi yakinifika haya msinipeleke huko. Niacheni nife naitazama bahari." Basi tumemwambia ana maji kwenye pafu, atakwenda Dar kuchomwa sindano. Anaitikia tu. Jioni anakwenda barazani, anasoma gazeti lake, anakunywa kahawa. Mwezi wa Ramadhani unakuja na ameshasema atafunga kama kawaida yake. Sijui nimwambie nini.*

*La mwisho naona haya kulisema. Nilipokuwa na miaka saba, mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani kumnunulia sigara, moja moja. Chenji ilikuwa yangu, nanunulia ubuyu. Sasa hivi nikiona mtoto ana ubuyu mkononi najisikia kutapika.*

*Je, kumdanganya baba ili apone ni dhambi? Na katika zile njia mbili, nitajuaje kwamba sikukosea?*

*Binti wa Makorora, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ugonjwa wa baba, na pole kwa ile miezi sita. Saratani ya mapafu na kifua kikuu hufanana mno mwanzoni: kikohozi, damu, kukonda, jasho la usiku. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, si baba yako peke yake aliyeanzia huko. Najua hilo halirudishi siku.

Maswali yako yamesukwa pamoja kama ukili, na ukivuta mwaa mmoja mingine inakuja nayo. Unaniuliza tiba ipi kati ya mbili, unaniuliza kuhusu siri, na katikati umeniletea ubuyu wa mtoto wa miaka saba. Nitajaribu kufumua polepole. Nilikuwa muuguzi kabla ya kushika kalamu hii, lakini mimi si daktari wa baba yako, na picha za kifua chake sijaziona. Chukua maneno yangu uende nayo kwa aliyeziona.

Naanza na neno la shangazi, kwa sababu naona limekuingia hata wewe: kwamba kisichopasuliwa kimekatiwa tamaa. Mwanangu, kisu ni tiba mojawapo tu. Uvimbe ukishakumbatia mshipa mkubwa wa damu na kuingia kwenye tezi za katikati ya kifua, daktari wa upasuaji hawezi kuutoa wote, na kuutoa nusu hakumsaidii mgonjwa. Kwa watu wa hatua hiyo, dawa na mionzi ndiyo tiba yenyewe. Madaktari wamekuwa wakizitoa pamoja tangu miaka ya 1990, na kwa baadhi ya wagonjwa wanazitoa wakikusudia kuponya kabisa. Nimesema baadhi. Wengi saratani huwarudia, na ukweli huo sitaki ukaukute kwa mtu mwingine ukadhani mimi nilikuficha.

Sasa kwa nini wazichanganye? Mionzi inapopiga chembe ya saratani huivunja ndani, na chembe ile hujaribu kujitengeneza upya kabla ya kipigo cha kesho yake. Dawa ikiwa ndani ya damu siku zile zile, huizuia isijitengeneze. Halafu dawa hiyo hiyo huzunguka mwili mzima ikifuata chembe zilizochomoka na kwenda mahali ambako mionzi haielekezwi. Zikitolewa kwa kupishana, kifua hukaa miezi kinasubiri mionzi, na uvimbe unaweza kuutumia muda huo.

Hiyo ndiyo hoja ya njia unayoielekea. Lakini sikiliza na ya kaka yako, maana hakutoa maneno hewani. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha majaribio sita yenye wagonjwa 1,205 wa saratani ya mapafu ya aina iliyo ya kawaida zaidi, wakalinganisha njia hizi mbili. Baada ya miaka mitano, katika kila watu 100 waliopewa kwa pamoja, kama 15 walikuwa hai. Katika waliopewa kwa kupishana, walikuwa kama 10 au 11. Tofauti ipo, na kwa wale wanne au watano ni kila kitu. Lakini upande wa pili wa hesabu, walioumia vibaya kwenye umio, yaani njia ya chakula, walikuwa 18 katika 100 kwa njia ya pamoja, na 4 tu kwa njia ya kupishana. Tena watu wanaokubaliwa kwenye majaribio kama hayo aghalabu ni wale wenye nguvu bado. Baba yako amepungua kilo tisa na figo zake zina walakini. Kwa hiyo kaka yako aliposema mzee amekonda, aliligusa jambo ambalo daktari naye atalipima, hata kama yeye ameliita sumu.

Kuhusu figo, dawa iliyotumika sana katika tiba hii ni sisplatini, na hiyo huzielemea figo, inahitaji mgonjwa apewe maji mengi, na inaweza kugusa masikio na kutia ganzi vidoleni. Ipo nyingine ya ukoo huo huo, karboplatini, ambayo ni nafuu kwa figo, na mara nyingi hutolewa na paklitakseli kwa dozi ndogo mara moja kwa wiki. Nadhani ndiyo maana daktari alisema watachagua kwa uangalifu. Muulize waziwazi ni ipi kwa baba, na kama ikibidi kupunguza dozi, ile faida ya kuchanganya itabaki kiasi gani. Jibu lake hapo linaweza kuisogeza mizani yako upande wowote.

Na ukiamua kupishanisha, usijione mwoga. Madaktari wenyewe huchagua hivyo kwa mgonjwa ambaye wanaona mwili wake hautabeba vyote. Wapo pia wanaopewa mionzi peke yake, na wapo wanaochagua kutibiwa maumivu na pumzi tu wakae na watu wao. Hizi nazo ni tiba, nazitaja kwa sababu baba akija kuzungumza, huenda akaitaja moja ambayo ninyi hamkuiweka mezani.

Suala la India. Kipimo kilichozoeleka cha mionzi kwa ugonjwa huu ni grei 60 (grei ni kizio cha kupimia mionzi, kama kilo kwa uzito), zikigawanywa mara 30, ndiyo zile wiki sita. Watafiti Marekani walijaribu kupandisha mpaka 74, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopigwa nyingi hawakuishi zaidi, waliishi pungufu. Kwa hiyo kama shamba la Muheza linauzwa kufuata mionzi mikali, naomba kaka alijue hilo kabla hajamwita dalali. Zinaweza kuwapo sababu nyingine za safari, kama foleni ya mashine kuwa ndefu, na hizo muulizane na hospitali. Kuna pia dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, iitwayo durvalumabu, hutolewa kwa mwaka mzima baada ya dawa na mionzi kumalizika kwa mgonjwa ambaye ugonjwa haukuendelea. Ilianza kuonyesha manufaa mwaka 2017, na baadaye ikaonekana kwamba katika kundi lililoipata, kama 43 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na katika kundi lisiloipata kama 33. Bei yake ni nzito kuliko uwezo wa familia nyingi. Nimeitaja kwa sababu mtaisikia kwa watu, nanyi mjue kwamba inakuja baada ya hatua mnayoijadili sasa, haichukui nafasi yake. Kabla ya kuuza mche mmoja wa mchungwa, onaneni na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, muulize msamaha wa gharama unapatikanaje na bima inalipa nini.

Nije kwa shangazi. Mionzi haiamshi saratani wala haiitawanyi. Lakini naelewa macho yake yaliona nini. Alimwona wifi yake akipigwa mionzi, kisha akamzika. Akaunganisha. Watu wengi wa pwani yetu wamefika kwenye mionzi saratani ikiwa imeshatapakaa, wakafa, na mionzi ikabeba lawama ya kuchelewa. Mama yako, Mungu amrehemu, alipigwa nyongani. Baba atapigwa kifuani, na madhara hayafanani. Dua hakuna daktari atakayeizuia. Miti shamba ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa ajili ya zile figo. Kama ameshaanza kunywa kitu, mwambieni daktari jina lake, hata mkipeleka kipande cha gome kwenye mfuko. Msifiche.

Wiki zenyewe zitakuwaje? Kwanza watampiga picha za kupanga na kumchora alama kifuani. Mwambie asizisugue akioga. Kwenye mashine atalala dakika chache, hakuna maumivu, na akitoka anaweza kumbeba mjukuu. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Wiki mbili za mwanzo mnaweza kujiuliza mbona tuliogopa. Kuanzia wiki ya tatu hivi kumeza huanza kuuma, wakati mwingine sana. Ile kahawa yake ya moto itabidi ipoe, na pilipili, achari na ndimu vipumzike. Uji wa mchele, mtori, ndizi zilizopondwa, supu ya samaki iliyopozwa, kidogo kidogo mara nyingi. Dawa za kutuliza koo zipo, aombe mapema asingojee mpaka ameshindwa kumeza mate, maana hana kilo za kupoteza tena. Joto la mwili likifika 38, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, kwa sababu dawa hushusha chembe nyeupe za damu na homa ndogo inaweza kuwa kubwa kabla ya alfajiri. Na hili liandike mahali: baada ya kumaliza, kati ya mwezi mmoja na sita, akianza upya kikohozi kikavu na pumzi fupi, inaweza kuwa pafu limevimba kwa mionzi. Linatibika likiwahiwa. Msikubali arudishwe kwenye dawa za kifua kikuu kabla hajaonwa na waliomtibu.

Nimeona jambo ambalo hukulitaja. Tanga hakuna mashine ya mionzi. Mkielekezwa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, ni kama kilomita 350 kutoka kwenu, wala si safari ya kwenda na kurudi. Baba atalala Mbagala kwa kaka yako wiki sita, ajikokote kwenye daladala asubuhi hadi mjini akiwa na koo linalowaka. Nani atamshika mkono? Kaka anaposema kimoja kimoja, je, inawezekana anahesabu pia chumba alichonacho, na mke wake, na ruhusa ya kazini, na hajui namna ya kulisema bila kuonekana anamkimbia baba? Simtuhumu. Muulize kwa upole, wawili peke yenu. Na wewe mwenyewe: fundi cherehani anaijua Ramadhani, ndiyo mwezi wa nguo za Idi, ndiyo ada ya shule ya mwaka. Kama wiki sita zitaangukia hapo, ni haki yako kulisema mbele ya ukoo. Kulitaja hakukufanyi mtoto mbaya. Labda shangazi, ambaye ana maoni mengi, ana pia binti wa kuja kupika uji.

Sasa siri.

Unasema baba hajui. Mimi simjui baba yako, wewe unamjua. Lakini nakuomba umtazame tena jioni moja akiwa na gazeti lake. Huyu ni mtu aliyemwogesha mkewe mwenye saratani mpaka mwisho. Anatema damu. Amepelekwa Dar, amechukuliwa kinyama, ameachwa kwenye benchi watoto wake wakiingia kwa daktari na kutoka macho mekundu. Na hajauliza swali hata moja. Inawezekana hajui. Inawezekana pia anajua, na anaitikia tu ili nyinyi msilie mbele yake. Nimewaona wazee wa namna hiyo, kila upande unamlinda mwenzake, na nyumba nzima inanyamaza.

Tena siri hii itakaaje wiki sita? Baba anasoma. Pale getini pameandikwa Taasisi ya Saratani. Kwenye benchi atakaa na watu wa Lindi na Singida wenye alama kifuani kama zake, nao watamuuliza, "Mzee, wewe ya wapi?" Kuna karatasi ya kukubali tiba, na ya kutia sahihi ni yeye. Na kuna hiyo saumu. Mtu aliyeambiwa ana maji kwenye pafu kwa nini ale mchana wa Ramadhani? Kitabu chenyewe kimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, liko wazi katika sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Lakini ruhusa hiyo mtu huitumia akijua kwamba anaumwa. Umeniuliza kama ni dhambi. Hilo mpelekee imamu wenu anayemfahamu baba, mimi si mahali pake. Ninachokiona kwa macho ya muuguzi ni kwamba huu uongo utahitaji uongo mwingine kila asubuhi, na wewe ndiwe utakayeushona.

Sasa hatari ya upande wa pili, nisije nikakuonyesha kama kumwambia ni rahisi. Anaweza kukataa. Anaweza kusema yale yale ya siku ya arobaini, na hapo utakuwa na jambo gumu kuliko yote uliyoniandikia, kumheshimu. Anaweza pia kuvunjika moyo kwa siku kadhaa, asile. Shangazi hajakosea kwamba neno hilo lina uzito. Ila yale maneno ya 2012, mwanangu, aliyasema mjane mwenye siku arobaini tu za ujane, kuhusu tiba aliyoiona kwa mgonjwa aliyechelewa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kifua chake yeye, leo, wakati haujaonekana ubongoni wala kwenye ini. Huenda jibu likawa lile lile. Mimi nisingemjibia.

Kati ya kumficha yote na kumwaga yote pana njia ambayo watu huisahau: kumuuliza yeye anataka kujua kiasi gani. Baada ya Alasiri, kabla hajatoka kwenda barazani, bila watoto, bila ukoo. "Baba, majibu ya vipimo vyako tunayo. Ungependa tukueleze yote, au ungependa sisi watoto tuyashughulikie?" Kisha nyamaza, hata kama kimya ni kirefu. Wapo wazee watakaosema, "Nielezeni." Wapo watakaosema, "Shughulikieni nyinyi, mimi nitakwenda mtakakonipeleka." Hilo la pili nalo ni jibu kamili, na hapo hutakuwa unamdanganya tena, utakuwa umepewa kazi na mwenyewe. Kabla ya hapo ningefikiria safari ya Pangani. Shangazi ni mkubwa wa baba, na kumpita pembeni kutafungua jeraha lingine. Huenda ukimwambia habari ya geti na ya karatasi ya sahihi, akaona kwamba swali si baba aambiwe au asiambiwe, ni aambiwe na nani.

Umeniuliza utajuaje kwamba hukukosea. Hutajua. Hakuna atakayewahi kuiona ile njia nyingine ambayo baba hakupita. Akipewa vyote pamoja akazidiwa, utasema bora ningesikiliza kaka. Akipewa kwa kupishana uvimbe ukarudi, kaka atasema bora ningesikiliza wewe. Hili lisemeni sasa, wote watatu, kabla ya tiba kuanza, kwamba kwa vyovyote itakavyokuwa hakuna atakayemwambia mwenzake "ni wewe". Na wala hamuendi gizani: kila wiki watampima damu na uzito, na tiba iliyoanza pamoja inaweza kusimamishwa au kupunguzwa akionekana anazidiwa.

Na yule mtoto wa ubuyu. Alitumwa na baba yake, akaenda, akarudi mbio asije akachelewa. Watoto wote wa mtaa wenu walitumwa. Sigara zilivutwa miaka arobaini na mtu mzima, aliyezianza kabla hujazaliwa na akaziacha mwenyewe. Kuacha kwake ni msaada mkubwa kwa tiba hii, mwambieni hivyo, wazee hupenda kusikia kwamba kuna walilofanya vizuri. Kama siku moja utaweza kumwambia baba habari ya ubuyu, mwambie. Nadhani yeye ndiye mtu pekee ambaye neno lake litakutosha.

Una daftari la vipimo vya wateja. Chana ukurasa wa katikati uandike maswali ya daktari: dawa ipi kwa figo hizi, foleni ya mashine ni siku ngapi, tutampigia nani akipata homa usiku, nini kitawafanya mbadilishe mpango. Mara ya kwanza baba alibaki kwenye benchi nje. Safari hii, mlango ukifunguliwa, muulizeni kama anataka kuingia.